Baiskeli ya Milimani ya Bei Nafuu kwa Mtoto Anayekua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yamepangwa kuanzia ya msingi hadi ya hali za pekee. Kama una haraka, soma sehemu ya saizi na swali la shokapu, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

## Saizi

Je, nifuate umri ulioandikwa kwenye lebo?

Usiufuate. Umri ni makadirio ya muuzaji tu. Watoto wawili wa miaka 8 wanaweza kupishana urefu kwa sentimita 15, na hata wakilingana kimo, mmoja anaweza kuwa na miguu mirefu na mwenzake kiwiliwili kirefu. Kipimo cha kuaminika ni urefu wa mguu kwa ndani, kutoka chini hadi kwenye msamba.

Nampimaje mguu?

Mvishe viatu atakavyoendeshea. Asimame ameegemea ukuta, visigino vikigusa ukuta na miguu ikiachana kidogo. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kiweke katikati ya mapaja, mgongo wa kitabu ukiwa juu na upande mmoja ukilala sawasawa ukutani. Kipandishe mpaka kibane kama kiti cha baiskeli kinavyobana. Weka alama ukutani usawa wa ukingo wa juu wa kitabu, kisha pima kutoka sakafuni. Rudia mara mbili, kwa sababu kitabu kikifika juu watoto wengi huinuka vidoleni bila kujua, na sentimita 3 za uongo zinatosha kukununulisha saizi isiyo yake.

Mguu wa urefu huo unataka gurudumu la inchi ngapi?

Kwa makadirio, mguu wa sentimita 42 hadi 50 huenda na gurudumu la inchi 16, wa 50 hadi 60 huenda na inchi 20, wa 60 hadi 69 huenda na inchi 24, na zaidi ya hapo ni inchi 26. Ipo pia inchi 18, lakini tairi na tyubu zake ni adimu kuliko za 20, kwa hiyo baiskeli ya namna hiyo inaweza kulala ndani kwa pancha moja tu.

Gurudumu halitoshi kuamua, maana fremu hutofautiana. Ukiwa na futi ya kupimia, chukua vipimo viwili kwenye baiskeli yenyewe. Cha kwanza ni urefu wa kiti kikiwa kimeshushwa hadi mwisho, kutoka chini hadi juu ya kiti. Kwa mtoto anayejifunza, urefu huo usizidi urefu wa mguu wake, ili nyayo zikanyage chini zote. Kwa anayejua kuendesha, unaweza kuzidi kwa sentimita 3 hadi 5, akanyage kwa vidole na sehemu ya mbele ya wayo. Kipimo cha pili ni bomba la juu la fremu, pale mtoto anaposimama mbele ya kiti. Bomba liwe chini ya msamba kwa sentimita 5 au zaidi. Kwenye njia ya mawe atashuka ghafla, tena mara nyingi, na mahali pa kushukia ni hapo.

Si bora ninunue kubwa kidogo, akue nayo?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na limegharimu wazazi wengi. Shati la kukulia halimdhuru mtoto. Mikono hukunjwa, basi. Baiskeli ya kukulia haikunjwi. Mtoto hanyooshi mguu akafika chini, kwa hiyo kila kusimama ni kuruka. Usukani uko mbali, anaendesha mikono ikiwa imenyooka kabisa, na gurudumu likigonga jiwe mshtuko wote unamfika mabegani badala ya kumezwa na viwiko. Vidole havifiki vizuri kwenye mikono ya breki. Baada ya wiki mbili baiskeli imeegemezwa ukutani na mzazi anasema mtoto hapendi baiskeli.

Akiba unayoitafuta ipo, ila haiko kwenye saizi kubwa. Piga hesabu. Mtoto wa kati ya miaka 6 na 10 huongezeka takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, na karibu nusu ya hizo huenda miguuni, yaani sentimita 2.5 hadi 3. Nguzo ya kiti inayoweza kupanda sentimita 8 au 9 inakupa karibu miaka mitatu, ikiwa mtoto ameanza kiti kikiwa chini kabisa. Kwa hiyo tafuta baiskeli inayomtosha leo kiti kikiwa chini, yenye nguzo ndefu. Ukinunua inayomtosha leo huku nguzo imeshapandishwa nusu, umenunua mwaka mmoja na kitu.

Kama yuko katikati ya saizi mbili, chukua kubwa endapo tu atafaulu mitihani mitatu: kukanyaga chini, nafasi juu ya bomba, na vidole kufika kwenye breki bila kunyoosha kiganja. Akishindwa mmoja, chukua ndogo.

Baiskeli imeanza kuwa ndogo. Naweza kuiongezea muda?

Mara nyingi unaweza kuiongezea miezi sita hadi kumi na miwili kwa gharama ndogo. Anza na nguzo ya kiti iliyo ndefu zaidi. Kipenyo kimegongwa kwenye nguzo ya zamani, karibu na chini, kwa mfano 27.2, na nambari hiyo lazima ilingane kabisa. Nguzo ya 27.0 kwenye tundu la 27.2 itateleza, au itabanwa kwa nguvu mpaka fremu ipasuke. Kila nguzo ina mstari wa mwisho wa kupandisha, na mstari huo haupaswi kuonekana nje ya fremu hata kwa milimita. Kisha sogeza kiti nyuma kwenye reli zake. Ikibidi, badilisha shingo ya usukani kwa iliyo ndefu zaidi kwa sentimita 2.

Magoti yakianza kugusa usukani wakati wa kukata kona, muda umeisha. Hakuna kipuri cha kutibu hilo.

## Uzito na shokapu

Kwa nini mnasisitiza uzito kuliko idadi ya gia?

Mtoto wa kilo 25 juu ya baiskeli ya kilo 13 anasukuma kitu kinachozidi nusu ya uzito wake. Mtu mzima wa kilo 70 angehitaji kupewa baiskeli ya kilo 36 ili aonje hali hiyo. Hakuna gia itakayoficha jambo hilo kwenye mlima.

Lenga baiskeli isiyozidi asilimia 40 ya uzito wa mtoto. Ya inchi 20 yenye kilo 8 hadi 10 ni nzuri, na ya inchi 24 yenye kilo 10 hadi 11.5 ni nzuri pia. Wauzaji wengi hawaandiki uzito, na aghalabu kuna sababu. Nenda na mizani ya bafuni: jipime peke yako, kisha jipime ukiwa umeibeba baiskeli, utoe.

Je, baiskeli ya milimani si lazima iwe na shokapu?

Si lazima. Kwa bei ya chini, shokapu ndilo pambo ghali kuliko yote kwenye baiskeli ya mtoto. Foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya shokapu ya bei rahisi huongeza kilo moja au zaidi mbele kabisa, mahali ambapo mtoto anahitaji wepesi ili ainue gurudumu juu ya mzizi. Ndani yake kuna springi ngumu ambayo mtoto mwepesi haibonyezi, kwa hiyo anabeba uzito wa shokapu bila kupata faida yake.

Usiamini maneno ya mtu, pima. Funga uzi kwa kukaza kiasi kwenye bomba jembamba la foki, usogeze hadi chini ugusane na mpira ulio kwenye mdomo wa bomba nene. Mtoto apande, akae kama anavyoendesha huku umemshikia baiskeli, kisha ashuke taratibu. Kwenye foki yenye mchezo (umbali inaoweza kubonyea) wa milimita 50, uzi unapaswa kuwa umesogea takriban milimita 10. Mpeleke akapite juu ya mashimo dakika tano, uangalie tena. Uzi ukiwa umesogea milimita 5 tu, hiyo foki kwake ni chuma tupu.

Shokapu ya nyuma ya bei nafuu iache kabisa, hakuna ubishi. Inanesa kila mtoto anapokanyaga pedali na kumla nguvu, pini zake hulegea, na fremu ya kuibeba huwa nzito zaidi.

Anachohitaji ni foki ngumu na tairi pana, inchi 2.0 au zaidi, zenye upepo wa kiasi. Angalia swali la upepo wa tairi hapo chini.

Alumini au chuma?

Alumini nyepesi ikipatikana kwa bei ileile, chukua. Lakini fremu ni sehemu tu ya uzito. Baiskeli yenye fremu ya alumini, foki ya shokapu na kranki (mikono ya pedali) za chuma inaweza kuizidi uzito ile ya chuma iliyotengenezwa kwa adabu. Mizani ndiyo itakayokuambia.

## Gia na breki

Ina gia 21. Si nzuri zaidi ya yenye 7?

Gia 21 ni sahani tatu za meno mbele mara saba nyuma, na nyingi kati yake hurudiana. Mtoto analazimika kufikiria mikono miwili kwa wakati mmoja, naye hubadilisha ya mbele akiwa tayari kwenye mlima, mnyororo unang'oka. Sahani moja mbele na gia 7 au 8 nyuma zinamtosha, na kuna vipuri vichache vya kuharibika.

Badala ya kuhesabu gia, hesabu meno ya sahani kubwa ya nyuma. Sahani ya mbele ya meno 32 na ya nyuma ya 34 humpa mzunguko wa gurudumu unaopungua kidogo kwa kila mzunguko wa pedali, 0.94. Mbele 36 na nyuma 28 ni 1.29, mzigo uliozidi theluthi kwa miguu ileile. Kama baiskeli ni nzuri ila ina friwili (seti ya sahani za nyuma) ya meno 14 hadi 28, fundi anaweza kufunga ya 14 hadi 34 pamoja na mnyororo mrefu zaidi. Kwanza athibitishe kuwa kihamisha gia cha nyuma kinafika meno 34, la sivyo kitakwaruza sahani.

Gia za kusokota au za kubonyeza kwa kidole gumba?

Mpe mtoto ajaribu hapohapo dukani, kuanzia gia ndogo mpaka ya mwisho na kurudi. Za kusokota hueleweka haraka, lakini nyingine ni ngumu kwa kiganja kidogo, hasa jasho likiwepo.

Breki za diski ni salama kuliko za rimu?

Kwa bei ya chini, breki za rimu za aina ya V zilizorekebishwa vizuri huzishinda diski duni za waya. Ni nyepesi, mpira wake ni rahisi, na unaona kwa macho ulipochakaa. Diski za waya za bei rahisi husukuma pedi kutoka upande mmoja tu, zinataka kurekebishwa mara kwa mara, na zikikosewa husugua sahani siku nzima mtoto akidhani amechoka. Diski za mafuta ni tamu kwa vidole vidogo. Ukizipata kwenye baiskeli iliyotumika, kwa bei yako, chukua. Njia zenu zikiwa za matope sana, diski ina hoja, maana rimu iliyolowa matope huchelewa kushika.

Mtoto anasema breki ni ngumu. Ni uvivu?

Mwamini. Aweke kiganja kwenye mshikio bila kujinyoosha, kisha anyooshe kidole cha shahada na cha kati. Kifundo cha kwanza cha vidole, kile kilicho karibu na kucha, kinapaswa kuuzunguka mkono wa breki. Ukiona ncha tu ndiyo inayogusa, hana nguvu hapo. Mtu mzima naye asingekuwa nayo.

Tafuta skrubu ndogo kwenye mkono wa breki, karibu na unapoingilia waya. Ukiikaza, mkono husogea karibu na mshikio. Baada ya hapo kaza waya upya, la sivyo mkono utagonga mshikio kabla breki haijashika. Bado ngumu? Chomoa waya. Ukiwa na kutu au ganda lake likiwa limepinda kwa pembe kali, badilisha vyote viwili. Ni kazi ya nusu saa na huibadilisha breki kabisa. Mkono usio na skrubu hiyo ni mkono wa mtu mzima uliofungwa kwenye baiskeli ya mtoto, omba ubadilishiwe.

Breki ya kurudisha pedali nyuma inafaa?

Barabara tambarare, sawa. Kwenye njia ya milimani inakera, kwa sababu mtoto hawezi kurudisha pedali ili apange miguu kabla ya kuondoka au kabla ya kona.

## Mpya au iliyotumika

Kwa pesa ileile, nichukue ipi?

Iliyotumika lakini nzuri, mara nyingi. Watoto hukua kabla ya kuimaliza baiskeli, kwa hiyo zipo nyingi zilizotembea kidogo. Faida nyingine ni kwamba ukiinunua nyepesi na kuitunza, utaiuza bila kupoteza sana. Mpya ya bei ya chini kabisa hushuka thamani siku ileile inapotoka dukani.

Nikague nini kwenye iliyotumika?

Anza na nguzo ya kiti. Ilegeze, ipandishe na kuishusha mbele ya muuzaji. Ikiwa imeganda, ondoka, hata kama kila kitu kingine kinang'aa. Mtoto anayekua na kiti kisichopanda ni hasara ya miezi michache.

Kisha angalia fremu nyuma ya bomba fupi la mbele, upande wa chini. Rangi iliyojikunja kama ngozi ya kiwiko au ufa mwembamba ni dalili kuwa iligonga kitu uso kwa uso. Hiyo haitengenezwi kwa bei nafuu.

Bana breki ya mbele, weka kidole kwenye kiungio cha foki na fremu, tikisa baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia inacheza, gololi zinataka kukazwa au kubadilishwa. Shika mkono wa pedali uutikise kushoto na kulia, uifanyie hivyohivyo rimu ya kila gurudumu. Zungusha magurudumu ukitazama nafasi kati ya rimu na mpira wa breki: kuyumba kwa milimita 2 fundi hunyoosha kwa spoku, lakini rimu iliyobonyea ni ya kubadilisha.

Mwisho, pima mnyororo. Pini 25 mfululizo, yaani nafasi 24 katikati yake, zikiwa mpya huwa na milimita 304.8. Zikifika 306.4 mnyororo umechoka. Zikifika 308, na friwili nayo huenda imeliwa, kwa hiyo mnyororo mpya utaruka. Ingiza gharama ya vyote viwili kwenye bei kabla hujakubali.

Kasoro zipi zisinitishe?

Tairi zilizochakaa, mishikio iliyochanika, waya wenye kutu, mpira wa breki ulioisha, kiti kilichoraruka, rangi iliyokwaruzika. Hizo ni sababu za kupunguziwa bei.

Kuna kibandiko kinachosema isitumike kwenye njia za milimani. Ni utani?

Si utani. Ina sura ya baiskeli ya milimani, lakini mtengenezaji mwenyewe amejitoa. Kwa barabara ya vumbi iliyo tambarare itafanya kazi. Kwa kuruka na kuteremka kwenye mawe, iache.

## Baada ya kununua

Imefungwa dukani. Bado niikague?

Ndiyo, na anza na foki. Kuifunga kinyume ni kosa la kawaida mno. Ncha zinazoshika gurudumu zinapaswa kwenda mbele, na kwenye foki nyingi mikono ya breki ya V, ile inayobana rimu, hukaa upande wa mbele. Ikiwa kinyume, vidole vya mguu hugonga tairi kwenye kona na usukani hutetemeka.

Pedali zimeandikwa R na L. Ya kulia hukazwa kwa kufuata saa, ya kushoto kinyume chake. Iliyolazimishwa upande usio wake huua nyuzi za kranki, na utagundua siku pedali itakapodondoka. Kaza nati za magurudumu, shingo ya usukani na kiti, kisha ukaze tena baada ya saa chache za kuendesha, kwa sababu vitu vipya hujikaa na kulegea.

Tairi zitiwe upepo kiasi gani?

Pungufu ya unavyodhani. Tairi ngumu chini ya mtoto mwepesi hurukaruka kama mpira na hushika vibaya. Soma ubavuni, anza na kiwango cha chini kilichoandikwa, usizidi kamwe cha juu. Upepo ukiwa haba mno, utasikia rimu ikigonga kwenye mawe na utapata pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama meno ya nyoka: tyubu imebanwa kati ya jiwe na rimu. Ongeza psi 3, jaribu tena.

Kiti nikipandishe kila baada ya muda gani?

Kila miezi mitatu. Kwa anayejua kuendesha, pedali ikiwa chini kabisa goti libaki limekunjwa kidogo tu. Pandisha sentimita moja kwa mara, si tatu, asije akapoteza imani. Chora mstari wa kalamu kwenye nguzo, na yeye atafurahi kuona amekua.

Na kofia ngumu?

Iwe na alama ya kiwango cha usalama, EN 1078 (cha Ulaya) au CPSC (cha Marekani), ikae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini kidogo ya masikio, na chini ya kidevu kipite kidole kimoja. Usinunue ya kukulia. Ikishapigwa na ajali, itupwe hata kama haina ufa.

## Hali za pekee

Hajui kuendesha kabisa. Nifunge magurudumu ya pembeni?

Hapana. Ng'oa pedali zote mbili, shusha kiti nyayo zikanyage zote, aisukume kwa miguu kwenye mteremko mdogo. Akiweza kuinua miguu na kwenda mita kumi bila kugusa chini, rudisha pedali, ukikumbuka R na L.

Wawili watumie moja?

Inawezekana kama miguu yao haipishani zaidi ya sentimita 6. Weka alama mbili kwenye nguzo, na kifungio cha kufungua kwa mkono badala ya nati. Saizi ifuate mdogo.

Ana sentimita 145. Nimpe fremu ndogo ya mtu mzima?

Fremu ya inchi 26 iliyo ndogo inaweza kumtosha, ila angalia urefu wa kranki, uliogongwa nyuma ya mkono wa pedali. Ya watu wazima ni milimita 170 au 175. Yeye anahitaji takriban sehemu moja ya kumi ya kimo chake, yaani 145 hadi 152. Kranki ndefu humkunja goti kupita kiasi juu ya mzunguko, nyonga huyumba, na pedali hugonga mawe kwenye kona. Kranki fupi zinauzwa peke yake. Ongeza bei yake ndipo ulinganishe na baiskeli ya inchi 24 iliyo tayari.